Duka la Nyakato, Mtaji wa Visiwani: Khofu za Biashara za Miaka Ijayo na Ile Inayosahauliwa

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa njema zote anastahiki Allah, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, swahaba zake na kila mwenye kufuata uongofu wao.

Wa ba'ad.

Hivi karibuni tulialikwa Mwanza kwa darsa za siku chache, tukafikia Nyakato. Wengi wetu wa visiwani tukisikia Mwanza hufikiria ziwa na samaki tu. Nyakato ni sehemu ya viwanda, maghala, gereji na maduka, kando ya barabara kuu iendayo Musoma. Ndani ya maduka hayo wamo ndugu zetu wa Unguja na Pemba, kama walivyo katika kila mji wa Bara. Mmoja anauza vyakula, mwengine nguo, mwengine vifaa vya umeme. Wazee wao, wake zao na dada zao wako nyumbani, na mara nyingi mtaji pia ulitoka nyumbani.

Usiku wa pili, baada ya Isha, tulimaliza darsa tukafungua mlango wa maswali. Kijana mmoja akasema: "Sheikh wetu, mambo yanabadilika haraka. Miaka hii miwili mitatu inayokuja, mfanyabiashara wa Kiislamu ajihadhari na nini?" Kila mtu akataja lake. Tuliyaandika yote, yakawa matano. Tutayaeleza moja moja kwa ufupi, kwani familia zilizoko visiwani zina haki ya kujua watoto wao wanakabiliwa na nini. Kisha tutaeleza la sita, ambalo hakuna aliyelitaja mbele ya watu. Hilo lilitufikia asubuhi yake, na kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote.

La kwanza: Njia zinabadilika

Mwezi wa Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, lililopewa jina la Rais John Magufuli. Urefu wake ni kiasi cha kilomita 3. Kabla yake, msafiri wa kutoka Sengerema na Geita alikuwa akisubiri kivuko, na huenda akasubiri saa nyingi. Sasa anavuka kwa dakika chache. Aidha, reli mpya ya kutoka Isaka hadi Mwanza, yenye urefu wa kilomita 341, ilikuwa bado inajengwa.

Hii ni neema, na anayeshukuru neema huzidishiwa. Lakini baadhi ya ndugu zetu wana khofu. Mteja aliyekuwa akija kununua jumla Mwanza huenda kesho akaletewa bidhaa mpaka mlangoni kwake Geita. Duka lililoishi kwa sababu njia ilikuwa ngumu litapata shida njia ikiwa nyepesi.

Tuliwaambia kwamba rizki iko mikononi mwa Allah, na kutafuta sababu ni katika ibada. Mwenye duka aangalie faida yake inatoka wapi. Ikiwa inatoka katika huduma nzuri, kipimo kamili na uaminifu, basi daraja litamletea wateja. Ikiwa inatoka katika kutojua kwa mnunuzi au muuzaji, basi aache kabla haijamtoka yenyewe. Mtume (s.a.w.) alikataza watu kutoka nje ya mji kuilaki misafara ya wauzaji kabla haijafika sokoni, kwa sababu muuzaji anakuwa hajajua bei. Leo mambo hayo yanafanyika kwa simu. Mtu anampigia mvuvi aliye kisiwa cha mbali, anamwambia bei ya dagaa imeanguka, naye anajua kuwa Mwaloni Kirumba bei imepanda. Huyo amekusanya uongo na dhulma katika simu moja.

La pili: Samaki na ada ya kumkopesha mvuvi

Tanzania ina asilimia 51 ya eneo la Ziwa Victoria. Viwanda vya sangara vya Mwanza vinategemea soko la nje, na soko la nje lina masharti yake. Wazee wa biashara wanaukumbuka mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili kwa sababu ya khofu ya sumu katika uvuvi. Khofu ya leo ni kwamba sangara wakubwa wamepungua na wadogo wanavuliwa kabla hawajazaa. Sheria inakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50. Anayemnunua samaki huyo akisema "mimi sikuvua" ameshiriki, kwa kuwa pesa yake ndiyo iliyompeleka mvuvi ziwani. Na miongoni mwa misingi ya Sharia ni kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana.

Hapa kuna mas'ala ya muamala yanayowahusu wengi. Wafanyabiashara humkopesha mvuvi nyavu, mashine au mafuta, kwa sharti kwamba samaki au dagaa wote atakaopata amuuzie yeye tu, kwa bei iliyo chini ya soko. Wenyewe wanaona ni msaada. Wanavyuoni wamekubaliana kwamba mkopo uliowekewa sharti la manufaa kwa mkopeshaji unaingia katika riba. Ile bei ya chini ndiyo manufaa, na ndiyo riba yenyewe, hata kama hakuna aliyetaja asilimia.

Njia ya halali ipo, nayo ni salam. Mnunuzi analipa thamani yote papo hapo, kabla hawajaachana. Wanataja bidhaa ni nini, ya sifa gani, uzito gani, itakabidhiwa wapi na siku gani. Kwa mfano, kilo mia tano za dagaa wakavu, safi, wasio na mchanga, zikabidhiwe Mwaloni tarehe fulani. Bei wakubaliane wenyewe, na inaweza kuwa chini ya bei ya siku ile, kwa sababu hii ni biashara wala si mkopo. Lakini wasiseme "dagaa wa ngarawa yako hii tu," kwani ngarawa inaweza kurudi tupu. Mvuvi akikosa kwake, atafute kwengine atimize. Samaki aliyemo majini bado hauziki, kwa kuwa hakuna anayemmiliki wala anayejua kiasi chake.

La tatu: Kodi, risiti na daftari

Mwezi wa Juni 2024 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka yao kwa malalamiko ya kodi, na mgomo huo ukafika mpaka Mwanza. Malalamiko mengine yalikuwa ya haki, na kuyafikisha kwa njia ya amani hakuna ubaya. Hata hivyo, tuliwauliza waliohudhuria: ni wangapi kati yenu wana daftari la mauzo la mwezi uliopita? Waliinua mikono watu wanne katika watu thelathini na zaidi.

Asiyekuwa na hesabu hana hoja mbele ya afisa wa kodi. Anakadiriwa, na makadirio yanaweza kumzidi. Sheria ya kodi ya Tanzania inampunguzia mfanyabiashara mdogo mwenye kumbukumbu kuliko asiyekuwa nazo. Basi daftari ni pesa. Ama kuandika risiti ya bei pungufu, au kuuza bila risiti kisha kumwambia mteja "ukiulizwa sema umenunua jana," huo ni uongo na kumfundisha mwengine uongo. Dhulma ya mwengine haituhalalishii uongo wetu.

Na asiyekuwa na hesabu hajui zaka yake. Mwaka wa Kiislamu ukitimia, mwenye biashara anathamini bidhaa zilizomo dukani kwa bei ya siku ile, anajumlisha na fedha alizonazo, na ikifikia nisabu anatoa asilimia mbili na nusu. Atathamini vipi asichokihesabu?

La nne: Mikopo ya simu na ile inayoitwa kausha damu

Tuliposikia jina hili tuliona watu wenyewe wamelitolea fatwa kabla ya masheikh. Mtu anachukua mkopo leo, rejesho linaanza kesho, na kila siku inayochelewa inaongezeka. Wapo waliochukuliwa makochi na televisheni mbele ya watoto wao. Mikopo ya simu nayo imeenea. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za kukopesha mtandaoni zisizokuwa na leseni. Nyengine humpigia simu kila aliyemo katika orodha ya mdaiwa, mpaka mama mkwe, kumtangaza.

Hukumu yake haina khilafu. Ziada iliyoshurutishwa juu ya mkopo ni riba, iwe kubwa au ndogo, iwe na leseni au haina. Kuwa na leseni kunaondoa utapeli, hakuondoi riba.

Lakini si haki kumwambia mtu "acha" bila kumuonesha njia. Amana Bank, iliyofunguliwa mwaka 2011, inafanya kazi zake zote kwa misingi ya Sharia, na benki nyengine kadhaa zina madirisha ya Kiislamu. Anayekwenda huko na asome mkataba, asitosheke na jina. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Na mwezi wa Januari 2024 ulizinduliwa hapo Mwanza ugawaji wa boti na vizimba vya kufugia samaki kwa mikopo isiyo na riba. Wangapi katika vijana wetu waliunda kikundi wakaomba? Tuliwauliza, hakujibu mtu.

La tano: Jamaa walioko nje na leseni ya biashara

Mwezi wa Julai 2025 serikali ilitoa agizo linalomkataza asiyekuwa raia kufanya baadhi ya biashara, zikiwemo uuzaji wa bidhaa kwa rejareja na jumla, uwakala wa fedha kwa njia ya simu na utengenezaji wa simu. Raia anayemsaidia asiyekuwa raia kuifanya biashara hiyo naye anaingia katika kosa.

Mzanzibari ni raia wa Tanzania na agizo hili halimgusi. Lakini familia zetu nyingi zina ami, shangazi na binamu walioko Oman na Imarati, na baadhi yao ni raia wa huko. Wapo walioweka mtaji katika duka la Bara, na wapo ambao duka ni lao hasa na kijana amewekwa jina tu. Kuweka jina la mtu juu ya mali isiyokuwa yake ni mlango wa dhulma hata kabla ya serikali kutoa agizo. Akifa mwenye jina, warithi wake wataidai mali ile. Akifa mwenye mali, warithi wake hawatakuwa na karatasi. Wenye hali hiyo wamuone mwanasheria mapema, waiweke mali yao katika sura inayokubalika kwa sheria na kwa Sharia.

La sita: Lililokuja baada ya Alfajiri

Asubuhi, baada ya Swala ya Alfajiri, kijana wa kutoka Wete alitusubiri nje ya msikiti. Ana duka la vyakula hapo Nyakato. Tumepata idhini yake ya kulieleza jambo hili, na tumebadilisha baadhi ya mambo ili asijulikane.

Alitoa simu akatuonesha. Alikuwa ameomba mkopo wa milioni tatu, umekubaliwa, na kilichobaki ni kubonyeza tu. Tukamuuliza za kazi gani. Akasema: "Za kumnyamazisha dada, Sheikh."

Kisa chake ni hiki. Miaka zaidi ya mitatu nyuma alipotaka kufungua duka, familia ilimchangia. Mama yake aliuza karafuu akampa milioni nne. Ami yake aliyeko Muscat alimtumia milioni sita. Dada yake mkubwa alivua bangili zake za dhahabu, gramu thelathini, akampa. Hakuna kilichoandikwa. Kila mmoja alisema maneno mazuri, wakasoma dua, wakaagana.

Sasa ami yake anatumiwa shilingi laki moja na nusu kila mwezi, na anaiita faida. Mwezi duka likiwa zito, kijana hukopa ili aitume. Dada yake amesikia kwamba duka limekua, naye anasema nusu ya duka ni yake. Kijana anataka kumrudishia dada bei ile aliyouzia bangili, wamalizane. Mama analia, kwa kuwa watoto wake hawasemezani.

Tukamwambia asibonyeze. Tukakaa chini, tukawapigia simu wote wanne kwa pamoja: mama, dada, ami na yeye aliye mbele yetu.

Tulianza kwa mama. Tukamuuliza: "Mama, zile milioni nne ulimpa au ulimkopesha?" Akasema: "Nimempa mwanangu. Mie sidai." Basi hiyo ni hiba, imekwisha. Tulimkumbusha tu kwamba Mtume (s.a.w.) aliamrisha uadilifu baina ya watoto katika kuwapa, kwa hiyo awaangalie na wengine.

Kisha ami. Tukamueleza kwamba fedha anayopewa mtu afanyie biashara ina sura zinazojulikana. Ikiwa ni mkopo, haki yake ni kurudishiwa milioni sita zilezile, na zaidi ya hapo kwa sharti ni riba. Ikiwa ni qiradh, yaani mudharaba, yeye ana mtaji na kijana ana kazi. Hapo wanagawana faida kwa fungu walilokubaliana, kama nusu kwa nusu au theluthi kwa theluthi mbili, na hasara inamrudia mwenye mtaji madhali mfanyaji kazi hakuzembea wala hakukhini. Ama kushurutisha kiwango maalumu kila mwezi, duka lipate au likose, kunaifisidi qiradh. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafi'i wanasema qiradh ikifisidika, faida yote na hasara yote inakuwa ya mwenye mtaji, na mfanyaji kazi analipwa ujira wa mtu mfano wake.

Kisha tukamuuliza kijana: umemtumia ami yako miezi mingapi? Akahesabu katika simu yake. Miezi arubaini. Laki moja na nusu mara arubaini ni milioni sita.

Upande wa Muscat kulikuwa kimya kwa muda. Kisha ami yule, Allah amlipe kheri, akasema: "Sheikh, mimi sikujua. Nilimtumia mtoto wa kaka yangu asimame, na nilitaka pesa yangu irudi siku moja. Kumbe imerudi zamani." Tukamwambia kwamba kama huo ndio uliokuwa makusudio yake, basi ulikuwa ni mkopo, na mkopo umelipwa wote. Akasema mbele ya wote kwamba hamdai kitu, na kwamba mwezi ujao asitumiwe.

Likabaki la dada, na hapa kijana alidhani tutamhukumia yeye. Tukamuuliza dada: "Ulisema maneno gani ulipompa?" Akasema: "Nilimwambia chukua, utanirudishia ukisimama." Tukamuuliza nani aliyeziuza. Akasema yeye kijana, Dar es Salaam, alipokuwa njiani.

Basi dada hana nusu ya duka, kwa kuwa hapakuwa na mkataba wa shirika. Kauli ya "utanirudishia" ni kauli ya mkopo. Lakini alichokopesha ni dhahabu, si shilingi, na mwenye kukopa kitu hurudisha mfano wake. Kijana anadaiwa dhahabu gramu thelathini ya ubora uleule. Bei ya dhahabu duniani tangu wakati ule imepanda zaidi ya mara mbili. Lau dada angeziuza mwenyewe akamkabidhi shilingi, basi angedai shilingi zile zile. Lakini haikuwa hivyo.

Kijana alishika kichwa. Alisema: "Sheikh, hiyo ni nusu ya bidhaa zangu." Tukamwambia hukumu haibadiliki kwa uzito wake, ila Allah amemuamrisha mdai ampe muda mdaiwa mwenye dhiki, na akamsifia kusamehe kuwa ni bora zaidi. Hilo ni la dada, hatuwezi kumlazimisha.

Dada akanyamaza, kisha akasema hasamehi, kwa kuwa zile ndizo mahari yake, lakini atasubiri. Wakakubaliana gramu tano kila miezi mitatu, kwa muda wa mwaka na nusu. Na kila siku ya kulipa, akipenda kupokea shilingi badala ya dhahabu, iwe kwa bei ya siku ileile na malipo yakamilike papo hapo. Kijana akaifuta ile programu ya mkopo mbele yetu. Kisha ikaandikwa karatasi, wakashuhudia wanaume wawili wa msikiti, na picha yake ikatumwa Wete na Muscat.

Kwa nini tunasema hili ndilo zito

Angalieni. Daraja halikumdhuru kijana huyu. Kodi haikumdhuru, wala samaki. Duka lake lilikuwa linakwenda. Kilichokaribia kulivunja, na kuvunja udugu pamoja nalo, na kumtia katika riba, ni pesa ya nyumbani iliyotolewa kwa mapenzi bila ya kuandikwa.

Na miaka inayokuja mabadiliko yatakuwa mengi. Kila bei inapopanda au kushuka, kila njia inapofunguka, kila sheria inapobadilika, swali la "hii ni mali ya nani na hasara ni ya nani" linarudi. Familia iliyoandika itajibu kwa karatasi. Familia isiyoandika itajibu kwa ugomvi.

Allah (Subhanahu wa Ta'ala) ameijaalia aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, aya ya 282 ya Suratul Baqara, kuwa ni aya ya kuandika deni. Imetaja mwandishi, mashahidi na muda, na ikakataza kuona uvivu hata deni likiwa dogo. Aya inayofuata inamtaja aliye safarini asiyepata mwandishi, ashike rahani. Wengi wetu tunaona haya: "Nimuandikishe mtoto wangu? Nimuandikishe ndugu yangu?" Aya haikumtoa ndugu.

Tena kuna mauti. Wazee wa Mwanza wanaitaja meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996. Sisi tunayo Spice Islander ya Septemba 2011, ikienda Pemba. Baada ya msiba ule tulikaa na familia zilizokuwa hazijui marehemu wao alimdai nani wala alidaiwa na nani. Deni linalipwa kabla ya mirathi kugawanywa, lakini litalipwaje lisilojulikana? Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni, akaacha kumswalia mpaka Abu Qatada (Allah amridhie) alipochukua dhamana ya kulilipa.

Mambo ya kuandika

Kila familia iliyotoa mtaji kwa mtu wake aliye Nyakato, Kariakoo au kwengineko, iandike mambo haya:

1. Majina ya waliotoa na aliyepokea, na tarehe ya Kiislamu na ya kawaida.
2. Kilichotolewa: shilingi ngapi, riali ngapi, au dhahabu gramu ngapi na ya ubora gani.
3. Aina ya muamala kwa jina lake: hiba, mkopo, qiradh au shirika. Isiandikwe "mchango" tu.
4. Kama ni mkopo, muda wa kulipa, bila ya ziada yoyote.
5. Kama ni qiradh, mafungu ya faida kwa sehemu, si kwa kiwango maalumu, na kwamba hasara ni ya mtaji. Hesabu ifanywe kwa vipindi vinavyojulikana, na mtaji uliopungua ujazwe kwanza kabla ya kugawana faida.
6. Kama ni shirika, kila mmoja ametia ngapi. Kwa madhehebu yetu, faida na hasara vinafuata kiasi cha mtaji wa kila mmoja.
7. Mashahidi wawili, na nakala kwa kila mhusika.

Nakala moja iwe ya karatasi. Mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa nchini kwa siku kadhaa, aliyeweka kila kitu mtandaoni alibaki hana cha kutazama.

Na kwa waliokwishatoa bila kuandika, hawajachelewa. Wakae hata kwa simu kama walivyokaa hawa, kila mmoja aseme kwa ukweli alikusudia nini siku ile, kisha waandike. Yanayobaki yasuluhishwe, na sulhu ni kheri. Wakishindwa, wamwendee sheikh au kadhi wa karibu kabla ya kuwaendea wakopeshaji.

Tulipoondoka Nyakato, kijana yule alitusindikiza mpaka stendi. Alikuwa anaongea na dada yake kwa simu, akimuuliza bei ya dhahabu Wete.

Tunamuomba Allah awape ndugu zetu wa Bara na visiwani rizki ya halali yenye baraka, aunganishe nyoyo zao, na atuepushe sote na riba na deni lenye kulemea. Amin.

Wabillahi tawfiq, wallahu a'lam.